Chembe Moja Iliyosalia

Akiki ni moja ya mawe ya kifuko cha kifuani cha kuhani katika Kutoka 28. Lakini ikiokotwa, ni jiwe gumu lisilo na mng'ao.

Katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambalo mwaka 1969 liliifanya akiki ya Ziwa Superior kuwa jiwe lake, wako watu wanaoing'arisha nyumbani kwa kujifurahisha. Hutia mawe katika pipa dogo pamoja na maji na unga mkali wa kusagia, nalo huzunguka usiku na mchana kwa juma moja hivi. Kisha hutia unga laini zaidi, hata ule wa kung'arishia.

Kabla ya kila badiliko huosha mawe na pipa kwa uangalifu. Chembe moja ya unga wa kwanza ikisalia katika ufa, huyakwaruza mawe yote mwishoni, na kazi ya majuma huharibika.

Je, nasi? Twaomba, twaimba, huku neno tuliloambiwa na ndugu mwaka jana tumelificha moyoni. Linatukwaruza sisi na jamaa zetu. Tusingoje mpaka tufike mezani pa Bwana. Leo hii twende kwake, tupatane. Amina.