Sigara ya Umeme Mkononi mwa Fundi

Leo tuna sigara za kielektroniki, zile zinazochajiwa kwa waya wa USB kama simu. Zinakufa upesi, na wenyewe huzipeleka kwa fundi simu "azitie nguvu".

Mara nyingi kilichokufa ni tundu la chaji: limelegea, au chumvi ya pwani imelila. Husafishwa kwa spiriti, na likikauka fundi hulilehemu upya. Hilo sina ugomvi nalo. Hatari ni kuiruka saketi ya chaji na kuunga waya moja kwa moja kwenye betri. USB ya kawaida hutoa volti 5. Seli ya lithiamu ikijaa huwa na 4.2 hivi. Ikizidishiwa huvimba, hushika moto, hata hulipuka, na kitu chenyewe kiko mdomoni! Betri iliyovimba usiitoboe wala usiibane. Iweke nje, mbali na makuti.

Kile kimiminika chenye nikotini nacho ni sumu, hata kikigusa ngozi. Mtoto akikinywa, mkimbizeni hospitali. Uganda walipiga marufuku vifaa hivi kwa sheria ya mwaka 2015. Changu kingekufa, mimi ningekiacha kife.