Redio ya Sebule Ndogo

Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo ambalo hula fedha nyingi za watu, nalo ni kuchagua redio ya sebuleni pamoja na spika zake, kwa mtu ambaye chumba chake ni chembamba na mfuko wake si mzito.

Yatupasa kuanza kwa kuungama kosa letu wenyewe. Tulipata kununua redio kwa kutazama ukubwa wake tu. Sanduku lake liliandikwa wati 10,000, na sabufa yake ilitushinda kubeba. Tulipoiwasha nyumbani, vikombe vilitetema kabatini. Lakini mama yetu mzee, ambaye macho yake hayawezi tena kusoma, na redio ndiyo gazeti lake, alitwambia, "Wanangu, ngurumo naisikia, ila maneno siyapati." Fedha ilikwisha kutoka, na yule tuliyemnunulia hakufaidi kitu. Wahenga walisema kweli: debe tupu haliachi kuvuma.

Basi mtu na aanze na chumba chake, asianze na duka. Tuseme sebule ina mita 3 kwa mita 4. Spika ya kawaida ikipewa wati 1 tu, hutoa sauti ya desibeli 87 hivi kwa umbali wa mita 1, na mazungumzo ya watu ni kama desibeli 60. Kwa hiyo hata wati 1 yapita kwa mbali sauti ya msemaji. Tena, wati zikiongezwa maradufu, sauti huzidi kwa desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu, zahitajiwa wati mara 10. Maana yake ni kwamba aliyelipa zaidi apate wati 60 badala ya 30 amenunua tofauti ndogo mno. Wati 20 au 30 za kweli kwa kila spika zatosha sebule kama hiyo.

Twasema za kweli kwa sababu ziko za uongo. Mkiona herufi P.M.P.O. zimefuata hesabu ya wati, msiitegemee hesabu hiyo, kwani haina kanuni moja iliyokubaliwa. Tafuteni herufi R.M.S. Kisha kigeuzeni chombo, msome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha ni wati ngapi kinazotumia kutoka katika umeme wa nyumba. Hapana chombo kiwezacho kutoa kwa muda mrefu zaidi ya kinachokula. Ikiwa mbele pameandikwa 10,000 na nyuma 60, mmekwisha kujua ni upande upi unaosema kweli.

La pili ni spika. Mwenye fedha kidogo heri anunue amplifaya ya kiasi na spika mbili nzuri, kuliko chombo chenye spika tano dhaifu. Huko dukani, ombeni kwanza msikie sauti ya mtu asomaye habari, ndipo mtake muziki. Besi nyingi hupendeza kwa dakika tano, kisha hufunika maneno. Someni pia hesabu ya omu. Ikiwa amplifaya imeandikwa isipewe spika ya chini ya omu 8, kuifungia spika ya omu 4 ni kuitafutia joto litakaloiharibu.

Wengi wetu hununua vyombo vilivyokwisha kutumika, wala si vibaya, maana amplifaya njema hudumu miaka mingi. Lakini angalieni vilikotoka. Umeme wa Japani ni volti 100, na wa Marekani 120, hali wetu wa Afrika Mashariki ni 230 au 240. Chombo cha huko kilichotengenezewa volti hizo tu, kikichomekwa hapa bila transfoma, chaweza kuungua mara moja. Tena redio nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani hupokea F.M. kuanzia 76 hadi 90 tu, na stesheni zetu ziko baina ya 88 na 108. Mtu atanunua redio nzuri, kisha akose stesheni karibu zote.

La tatu halina gharama, nalo ni mahali pa kuweka. Spika ikisukumwa pembeni mwa chumba, kuta humzidishia besi na sauti huwa nzito. Ivuteni mbele kidogo, iwe kimo cha masikio ya aliyeketi. Kuta tupu za saruji hurudisha mwangwi. Busati chini na pazia dirishani huupunguza. Na vile vitambaa vizuri vya kufumwa, twawaomba akina mama watuwie radhi, visifunike matundu ya amplifaya, kwani ndiyo pua zake.

Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilitolewa redio ya betri yenye umbo la sufuria, kwa bei ya paundi 5. Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya huko, alikuwa amehangaika kutafuta kiwanda kitakachokubali kuitengeneza. Hakutaka chombo cha fahari. Aliuliza mnunuzi ana fedha kiasi gani, anakaa mahali pasipo umeme au la, na anataka kusikia nini. Betri yake ilidumu kiasi cha saa 300, na watu wakaipenda. Maswali hayo yatufaa hata leo.

Sisi nasi tuliyafuata, ingawa tulichelewa. Lile debe letu tuliliuza kwa hasara, tukanunua amplifaya ndogo na spika mbili, tukaziweka kimo cha kiti cha mama. Sasa jioni, habari zikiisha, yeye ndiye atusimuliaye tulizokosa kusikia. Basi kabla hamjatoa fedha, muulizeni kwanza yule atakayeketi mbele ya redio kila siku.