Baridi Haina Kosa

Alfajiri mjini Musoma na Bunda nimewaona abiria wa Butiama, nauli wamekwishalipa, wakishuka kusukuma basi. Dereva husingizia baridi. Wengine huwasha moto wa kuni chini ya injini.

Tuseme kweli. Injini ya dizeli haina cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Kule Kanada, baridi ikifika digrii 30 chini ya sifuri, oili huwa nzito mno. Ndipo watu huchomeka hita ya umeme kwenye injini, na saa maalumu huiwasha mapema kabla ya safari.

Alfajiri yetu ni digrii 17 hivi. Injini nzima haihitaji hita. Ikigoma, tafuta betri iliyochoka, plagi za kupasha joto zilizokufa, hewa katika mabomba ya mafuta, au ringi zilizolika. Hayo yote fundi huyapima na kuyatengeneza. Moto karibu na bomba la dizeli waweza kuteketeza gari zima.

Wenye mabasi, abiria amelipa nauli apelekwe. Hakulipa asukume.