Tubadili Moto, Tusitupe Chungu



Leo nawaalika jikoni. Nanyi akina baba msizime redio, maana chungu hakichagui mpishi.

Mwezi Mei mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo. Ni jambo jema. Kuni na mkaa humaliza misitu, na moshi huumiza vifua vya mama zetu na vya watoto waliobebwa migongoni. Lakini wahenga walituusia: usitupe mbachao kwa msala upitao. Ziko nyumba ambazo zikishanunua jiko la gesi, huaga mkaa, kisha huaga na chungu, na chuma cha vitumbua, na mbuzi ya kukunia nazi. Hapo ndipo ninapouliza: chungu kina kosa gani?

Sufuria ya alumini hushika moto upesi, na kilichomo huchemka kwa fujo. Tui la nazi halitaki fujo. Likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini. Udongo hupitisha moto polepole, na ukishaupokea hukaa nao. Kwa hiyo samaki ndani ya chungu huiva bila kuvurugika, na ukwaju humwingia mpaka mfupani. Hata ukishakiepua, mchuzi huendelea kutokota wenyewe. Mpishi husimama akausikiliza, na hana haraka tena. Hiyo ni raha ambayo haiuzwi dukani.

Tazameni na chuma cha vitumbua. Mchele umelala majini usiku kucha, umesagwa, umetiwa tui, sukari, iliki na hamira, na umeachwa ukaumuka. Ukiumimina kwenye kikaango cha kawaida utapata kitu cha kuliwa, lakini hutapata kitumbua. Ni yale mashimo ya chuma, yenye mafuta kidogo na moto wa wastani, ndiyo yanayokiumba. Kingo zikigeuka rangi, unakizungusha kwa kijiti, na watoto wameshajipanga mlangoni.

Wengine watasema gesi na vyombo hivi havipatani. Si kweli. Chuma cha vitumbua hukaa juu ya jiko la gesi bila tabu. Chungu chataka adabu tu. Chagueni chenye kitako kinachotulia. Kikiwa kipya, kilowekeni majini, kisha pikeni ndani yake uji mwepesi na kuumwaga. Wekeni bamba la chuma juu ya jiko ili ndimi za moto zisikipige mahali pamoja, anzeni na moto mdogo, na ongezeni kidogo kidogo. Msikitie maji baridi kingali cha moto, kitapasuka. Jiko lisilokifaa ni lile la umeme linalofanya kazi kwa nguvu ya sumaku, kwani udongo hauna chuma cha kuvutwa.

Sisemi kila siku tupikie chungu. Maharage ya siku ya kazi yapikwe kwenye sufuria ya presha, gesi isiishe bure. Chungu tukiwekee siku ya mapumziko, au siku ya mgeni.

Na tukumbuke mikono inayovifinyanga. Kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela, wanawake wa Kikisi ni mabingwa wa ufinyanzi, na vyungu vyao husafiri mbali na kijiji chao. Ujuzi huo haukuandikwa kitabuni. Binti huupata kwa kumtazama mama yake. Siku wanunuzi watakapokosekana, mama hatakuwa na sababu ya kuchimba udongo, na binti hatakuwa na cha kutazama. Jiko jipya laweza kununuliwa kesho na keshokutwa. Ujuzi ukishakatika haununuliki.

Basi, ndugu zangu, moto tuubadili, tena upesi. Lakini kabla hujakitoa chungu nje kiwe cha kunyweshea kuku, kioshe, kiweke juu ya jiko lako jipya, na umwite jirani aje kula.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.