Maji Safi Yalipoonekana na Ugonjwa
(Maneno ya ndugu mmoja wa kazi ya reli mbele ya mkutano wa wanachama)



Nasimama mbele yenu kusema habari ya vipimo vya magonjwa. Karatasi moja ya maabara yaweza kumrudisha mtu nyumbani, na mshahara ukasimama. Je, karatasi hiyo haiwezi kukosa?

Sikilizeni mambo yaliyotokea Marekani mwaka 2020, wakati wa Korona. Idara ya serkali ya kuzuia magonjwa, CDC, katika mji wa Atlanta, ilitengeneza dawa za kupimia, na mwezi wa Februari ikazipeleka katika maabara za majimbo. Kabla ya kupima wagonjwa, mafundi wa huko walizijaribu dawa zenyewe kwa maji safi, kama sisi tunavyojaribu breki kabla treni haijaondoka. Lo! Katika maabara nyingi maji yale yakaonekana yana Korona.

Sababu yake ni nini? Kipimo hiki hutafuta kipande kidogo cha virusi na kukizidisha. Kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, hata mara 40 hivi, mpaka viwe mamilioni kwa mamilioni. Basi chembe isiyoonekana kwa macho, ikiingia kutoka meza ya jirani, nayo huzidishwa vilevile. Mashine haijui kama imetoka puani mwa mtu au mezani. Mwaka 2021 CDC wenyewe walieleza kwamba sehemu moja ya dawa ilichafuliwa huko ilikotengenezwa, na sehemu nyingine ilikuwa na kasoro ya namna ilivyoundwa. Wiki kadhaa zilipotea, na ugonjwa ulikuwa ukienea.

Ndugu zangu, sisemi tukatae kupimwa. Kosa lile lilionekana kwa sababu mafundi waliijua kazi yao na hawakunyamaza. Lakini mwenzetu akiambiwa ana virusi, naye hana dalili wala hakukaribiana na mgonjwa, aulize kwa adabu: Maji safi ya siku ile yalionekana safi? Je, wengi waliopimwa pamoja nami wameonekana wagonjwa kwa ghafula? Naweza kupimwa tena, kwa makamasi mapya, katika maabara nyingine?

Akingoja jibu, akae mbali na wenzake, asije akawaambukiza ikiwa ni kweli. Na sisi katika Chama tusimame naye, mshahara wake usikatwe kwa karatasi ambayo haijahakikishwa.

Umoja ni nguvu.