Tusiuze nyumba ndogo kabla ya kuhesabu ile kubwa

(Maneno ya kamati ya akiba kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)

 

Wengi wetu tulirudi kwa meli kutoka Kigoma, kuanzia mwaka 2005 na miaka iliyofuata. Tulijenga haraka: vyumba viwili, matofali ya udongo, bati chache juu. Wakati ule ilitosha. Leo wale watoto tuliowashika mkono bandarini ni watu wazima. Wengine wana wake. Na wandugu wengine wamerudi nyuma yetu, wako kwetu. Kijana wa miaka 16 kulala chumba kimoja na wazazi wake, hiyo si heshima. Kwa hiyo mtu akitaka kuuza nyumba yake ndogo apate kubwa, tusimcheke. Iko na haja.

Lakini sisi wote tumeona mambo haya: mtu anauza nyumba mwezi wa kwanza, mwezi wa sita anapanga kwa watu, mwezi wa 12 feza imekwisha na nyumba hakuna. Hakuibiwa, bwana. Feza ilikulwa kidogo kidogo. Njo maana leo tunasema neno moja tu: bei ya nyumba yako si feza utakayobaki nayo. Hesabu kwanza, uza baadaye.

Tufanye mfano. Tuseme nyumba yako inauzwa dola 4 000, na ile unayoitaka ni dola 5 500. Unasema: nakosa 1 500, nitapata. Kumbe ngoja. Toa ya komisioneri, 200. Toa deni la dukani na la AVEC, 350. Toa ya karatasi, 150. Toa ya kupanga miezi mitatu pamoja na garanti, 180. Toa ya kubeba vitu, 70. Na kama kiwanja kilikuwa cha baba, toa fungu la dada yako aliyebaki Nyarugusu, tuseme 800. Jumla ni 1 750. Mkononi unabaki na 2 250. Sasa unakosa 3 250, si 1 500 tena! Kila mmoja aweke namba zake mwenyewe, lakini asiruke mstari hata mmoja.

Huo mstari wa dada tunataka kuukazia. Mtu akiwa kambini, hiyo haimaanishi amekufa. Siku atakaporudi na kukuta kiwanja cha baba kimeuzwa, kesi itakufuata wewe na itamfuata aliyenunua. Mpigie simu kabla. Mpatane fungu lake, muandike, shahidi wa ukoo atie sahihi. Vilevile mke na mume: Kodi ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inataka wote wawili wakubali kabla ya kuuza mali yao ya pamoja. Baba anayeuza peke yake halafu anamjulisha mama jioni, huyo analeta vita ndani ya nyumba ambayo hata hajainunua bado.

Sasa upande wa kununua. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni wa Serikali, na haki yako inasimama kwa sertifika inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Ile karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya shefu ni ushahidi mzuri, tuitunze, lakini si sertifika. Wengi wetu hatuna zaidi ya hiyo. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata franka moja, uliza majirani wa pande zote nne, uliza shefu wa avenyi, kisha uende kadasta kuona kama kiwanja kile hakina jina la mtu mwingine. Kuuliza kunachukua siku chache. Kesi ya ardhi inachukua miaka.

Tena angalia maji. Tunakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulivyotoka kwenye njia yake Uvira ukabeba nyumba za watu. Ziwa nalo tumeliona likipanda na kuingia kwa watu. Nyumba kubwa yenye bei ndogo karibu na maji, jiulize kwa nini bei ni ndogo. Nenda uione siku ya mvua kubwa, si siku ya jua.

Ile feza inayokosekana itatoka wapi? Hapa tunashauri polepole. AVEC zetu zina sanduku la kufuli tatu, na mwisho wa mzunguko tunagawana. Basi panga kuuza kwako kufuatane na siku ya kugawana. Mizunguko miwili ya kuweka akiba kwa bidii ni bora kuliko kukopa. Mkopo wa AVEC unarudishwa kwa miezi michache. Ni wa biashara ya samaki au ya mihogo, kitu kinachozaa haraka. Nyumba haizai haraka hivyo.

Siku ya kuuza, bei muiandike kwa dola na muandike pia nani amelipa na amelipa kiasi gani. Mkilipana kwa franka, muandike mmebadilisha kwa bei gani siku ile. Kila noti ya dola uiangalie: iliyopasuka kidogo tu, kesho hakuna atakayeipokea. Na jaribu kupatana na mnunuzi akuachie miezi miwili au mitatu ukae mle ndani, akishika feza ya mwisho mpaka utoke. Hapo hata ile garanti ya kupanga inaondoka kwenye hesabu yako, na familia hailali nje.

Neno la mwisho. Ukimaliza kuhesabu na ukaona unakosa 3 250, muite fundi kwenye kiwanja chako. Muulize: vyumba viwili vya kuongeza hapa ni bei gani? Kwa wengine wetu kiwanja kina nafasi, na jibu litakuwa hapo hapo tulipo. Huuzi, hupangi, dada yako akirudi anakuta kwao. Kwa wengine kiwanja ni kidogo au maji yamekaribia, basi wauze, lakini wauze wakiwa na hesabu mkononi.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na sisi tunaoishi Baraka tungepaswa kuwa wa kwanza kulisikia.

Kamati haina feza ya kumpa mtu nyumba. Iko na daftari, kalamu, na masikio. Mwanachama anayefikiri kuuza aje na mwenzi wake, wote wawili, kabla hajapokea hata avansi. Tutakaa naye tuandike mistari yote, na siku ya mauzo watu wawili wa kamati watakuja kuwa mashahidi.