Magnetroni: Jeshi, Chuo Kikuu na Kiwanda Katika Utafiti wa Rada, 1940–1945

Februari 1940, wanafizikia John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, waliwasha magnetroni yao ya kwanza kwa fedha za Jeshi la Wanamaji. Kilikuwa kipande cha shaba chenye matundu sita yaliyolizunguka tundu la kati, kikitoa mawimbi ya redio yenye urefu wa takriban sentimita 10. Rada nyingi za wakati huo zilitumia mawimbi ya mita moja na zaidi, hivyo antena zake hazikufaa kufungwa puani mwa ndege. Chombo chenyewe bado kilitegemea pampu ya kuondoa hewa. Wahandisi wa kampuni ya GEC, Wembley, wakiongozwa na Eric Megaw, ndio waliokifanya kiweze kubebeka.

Uingereza haikuwa na viwanda vya kutosha, kwa hiyo Septemba mwaka huo ujumbe wa kisayansi ulioongozwa na Henry Tizard uliipeleka magnetroni Marekani. Maabara ya Bell ilipoipiga picha ya eksirei kabla ya kuiiga, yalionekana matundu manane, ilhali mchoro ulionyesha sita. Edward Bowen, aliyeisindikiza safarini, alilazimika kuuliza kwa simu Uingereza. Kumbe Megaw alikuwa amejaribu idadi tofauti za matundu, na mchoro ulibaki ule wa awali. Nyaraka peke yake hazikutosha. Alihitajika mtu wa kuuliza na wa kuulizwa.

Ili kuunda rada zinazotumia magnetroni hiyo, mwishoni mwa 1940 ilianzishwa Maabara ya Mionzi katika chuo cha MIT, Marekani, jina lililochaguliwa makusudi ili wapelelezi wadhani kinachochunguzwa ni atomu. Kufikia 1945 ilikuwa na watu wapatao 4,000. Msingi wake ulikuwa mkataba. Kamati ya utafiti wa ulinzi iliyoongozwa na Vannevar Bush haikuwavisha wanasayansi sare. Ililipa chuo gharama za kazi, pamoja na za uendeshaji, na uongozi ukabaki kwa raia. Hapo ndipo penye ubora wa mpango huo, maana mwanafizikia aliweza kumpinga jenerali bila kuvunja amri.

Kiwandani tatizo lilikuwa jingine. Kuchonga kila magnetroni kutoka pande zima la shaba kulikula muda wa mafundi stadi. Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon alikata vibamba vyembamba kwa mashine, akavipanga na kuviunganisha kwa joto la tanuri; uzalishaji ukapanda hadi zaidi ya 2,000 kwa siku. Mwaka 1943 ndege zenye rada mpya ziliziwinda nyambizi za Ujerumani, ambazo vipokezi vyake havikuweza kunasa mawimbi mafupi kiasi hicho.

Gharama ya yote hayo ilikuwa usiri, jambo zito kwa chuo kinachoishi kwa kuchapisha. Vita vilipokwisha, maabara ilifungwa na matokeo yake yakatolewa hadharani katika mfululizo wa vitabu 28, uamuzi uliowafaidi wahandisi wa dunia nzima. Fedha za jeshi, hata hivyo, zilibaki vyuoni. Mwaka 1951 MIT ilianzisha Maabara ya Lincoln kwa ajili ya ulinzi wa anga. Wakati wa vita vya Vietnam wanafunzi waliandamana kupinga utafiti wa silaha, na mwaka 1973 chuo kikatenganishwa na Maabara ya Draper, iliyobuni mifumo ya kuongoza makombora. Lincoln ilibaki chini ya chuo.